Mafao ya Mtu au Mafao ya Kaya: Jina la Nani Limeandikwa Katika Daftari la Chama?

Kila msimu wa mbaazi unapofika katika vijiji vya Hanang, na kila vitunguu saumu vinapong'olewa katika mabonde ya Mbulu, kituo cha kupimia mazao huonyesha jambo ambalo katibu wa chama cha msingi amelizoea hata halioni tena. Mzigo mara nyingi huletwa na mama. Ndiye aliyepalilia, ndiye aliyepura na kupepeta, na ndiye anayemswaga punda aliyebeba magunia. Mzani unapotulia, karani huuliza jina, naye mama hutaja jina la mumewe. Stakabadhi huandikwa hivyo, daftari hujazwa hivyo, na fedha hulipwa kwa jina hilo. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyevunja sheria.

Hata hivyo, mstari ule mmoja wa daftari ndio chanzo cha mambo mengi yatakayofuata. Ziada ya mwisho wa mwaka hugawiwa kwa kilo zilizoandikwa. Mkopo wa pembejeo hutolewa kwa aliyeandikwa. Kura katika mkutano mkuu hupigwa na aliyeandikwa, na wajumbe wa Bodi huchaguliwa miongoni mwa walioandikwa. Siku ya msiba, hisa hufuata jina lililoandikwa. Kwa sababu hiyo, swali ambalo mataifa yamelijadili kwa miaka mingi katika sera za ustawi wa jamii, yaani kama haki na misaada itolewe kwa kila mtu au kwa kaya kwa jumla, si swali la wataalamu wa mijini peke yao. Katibu wa chama cha msingi hulijibu kila anaposhika kalamu, ajue asijue.

NJIA MBILI ZA KUHESABU

Serikali, mfuko au chama kinapotaka kuwapatia watu pensheni, matibabu, ruzuku au fidia, hapana budi kwanza kiamue kinamhesabu nani. Njia ya kwanza ni kuhesabu kaya. Mkuu wa kaya huandikishwa, na wengine wote, yaani mke, watoto na wazazi wazee, huwekwa chini yake kama wategemezi. Njia hii ina faida zake. Daftari huwa fupi, gharama huwa ndogo, na watu wengi huiona ya kawaida, kwa kuwa ndivyo kodi ilivyotozwa na ndivyo mashamba yalivyogawiwa tangu zamani.

Njia ya pili ni kumhesabu kila mtu mzima kwa jina lake. Haki humfuata yeye mwenyewe. Akiolewa haipungui, akiachika haipotei, akifiwa haihamii kwa shemeji.

Njia ya kaya imejengwa juu ya dhana moja tu, kwamba kinachoingia nyumbani kwa mlango mmoja hugawanywa kwa haki kwa wote waliomo. Katika nyumba nyingi dhana hiyo ni ya kweli, na si haki kuwasingizia akina baba wote kwamba ni walevi au wabadhirifu. Lakini sera inayotegemea wema wa mtu mmoja haina jicho la kuona nyumba ambayo wema huo umekosekana. Na kwa kuwa jina linaloandikwa juu kabisa mara nyingi ni la mwanamume, anayebaki nje ya macho ya sera mara nyingi ni mwanamke.

MATAIFA MENGINE YALIPITA WAPI

Uingereza ndiyo mfano unaofundisha zaidi, kwa sababu ilifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Taarifa ya William Beveridge ya Desemba 1942, iliyokuwa msingi wa mpango wa bima ya taifa ulioanza Julai 1948, ilimchukulia mke kuwa mtegemezi wa mumewe. Mwanamke aliyeolewa, hata kama alikuwa mfanyakazi, aliruhusiwa kulipa mchango mdogo na kutegemea bima ya mume. Wengi walichagua hivyo, kwani walipunguza makato ya kila wiki. Walipozeeka waligundua kwamba hawakuwa na pensheni kamili yao wenyewe, na walioachika waliona ugumu zaidi. Mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya mwaka 1977 tu, karibu miaka thelathini baadaye.

Wakati huo huo mbunge mmoja wa kike, Eleanor Rathbone, alikuwa amepigania kwa zaidi ya robo karne kwamba familia zilipwe posho ya watoto. Mswada ulipofika bungeni mwaka 1945, serikali ilikusudia posho hiyo alipwe baba. Bibi Rathbone alikataa katakata, akasema kwamba afadhali aupinge mswada alioutafuta maisha yake yote kuliko kuukubali kwa sura hiyo. Wabunge walimuunga mkono na posho ikaelekezwa kwa mama: shilingi 5 za Kiingereza kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1946, miezi michache kabla ya malipo ya kwanza ya Agosti mwaka huo.

Nchi za Ulaya ya Kaskazini, ambazo wanaushirika wa hapa nchini wanazikumbuka kwa misaada yao ya elimu ya ushirika katika miaka ya 1960 na 1970, zilikwenda mbali zaidi. Uswidi iliacha mwaka 1971 kutoza kodi ya pamoja kwa mume na mke. Kabla ya hapo kipato cha mke kilijumlishwa juu ya cha mume na kutozwa kiwango kikubwa, hata wengine wakaona ni hasara mke kwenda kazini. Mwaka 1974 likizo ya uzazi ikageuzwa kuwa likizo ya mzazi, baba au mama.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo kila katibu angelitia moyoni. Kwa miaka mingi siku za likizo ziliweza kuhamishwa kutoka mzazi mmoja kwenda mwingine, na kwa kweli zilihamishwa, karibu zote zikachukuliwa na akina mama. Sheria ilisema haki ni sawa, lakini haki inayoweza kuhamishwa kwa saini moja huelekea upande ule ule mazoea yanakovuta. Norwei, nchi iliyowaleta wamisionari waliofungua hospitali ya Haydom wilayani Mbulu mwaka 1955, ilitafuta dawa mwaka 1993. Ilitenga wiki nne ambazo baba peke yake angeweza kuzitumia, na asipozitumia zinapotea. Uswidi ikafuata mwaka 1995 kwa kutenga mwezi mmoja. Ndipo akina baba wakaanza kwa wingi kuchukua likizo na kulea watoto wao. Suala la daftari la mazao na jina lililokopeshwa linafanana sana na hilo, nalo litaelezwa hapa chini.

AFRIKA MASHARIKI

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Zanzibar imeonyesha vinginevyo. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Pensheni Jamii, ikalipa Sh. 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, kwa fedha za serikali yenyewe. Mzee haulizwi kama aliwahi kuajiriwa, kama ana mume, wala kama watoto wake wanamtunza. Anaulizwa umri na ukazi. Bibi aliyekata mwani au kusuka makuti maisha yake yote, asiyewahi kuwa na mwajiri wa kumchangia, hupata sawa na babu aliyekuwa karani. Kenya ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2018 kwa wenye miaka 70 na zaidi, Sh. 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Tanzania Bara ilichukua njia nyingine. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) na ulioanza mwaka 2012, una neno kaya katika jina lake lenyewe. Kaya ndiyo iliyotambuliwa kijijini, na ruzuku ilihesabiwa kwa kaya, ikianzia katika kipindi cha kwanza kwenye ruzuku ya msingi ya Sh. 10,000 kwa mwezi na kuongezwa kufuatana na watoto. Hata hivyo mpokeaji aliyeandikishwa kwa kawaida alikuwa mwanamke wa kaya. Huo ni mchanganyiko wa njia zote mbili, nao umewafaa wengi. Lakini yapo mawili ya kuangalia. Kwanza, mama alipokea kwa niaba ya kaya, si kwa haki yake mwenyewe, na kaya ikivunjika haki inabaki na kaya. Pili, masharti ya ruzuku, kama kuwapeleka watoto kliniki na kuhakikisha wanahudhuria shule, yalimwangukia yeye. Kazi iliongezwa kwa mtu mmoja, fedha ikahesabiwa kuwa ya wote.

Mfuko wa Afya ya Jamii ni mfano wa karibu zaidi, kwani Hanang ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuujaribu mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika mfuko huo kadi ilikuwa ya kaya. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango ulikuwa Sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Katika boma lenye wake wawili au watatu, jambo lisilo geni Mbulu wala Hanang, idadi hiyo hujaa kabla ya kufika nyumba ya pili. Ni nani basi atakayeandikwa, na ni nani atakayesubiri mpaka zipatikane Sh. 30,000 nyingine? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, imekuja kujenga utaratibu mpya. Vyama vinavyokusudia kuwasaidia wanachama kulipa michango kwa kukata kwenye mauzo havina budi kuuliza mapema mama wa nyumba ya pili amewekwa wapi.

SHERIA NA DESTURI

Husemwa mara nyingi kwamba kumwandika mke kwa jina lake ni mambo ya kigeni. Wasemao hivyo wangetazama kwanza desturi za Wabarabaig. Katika boma la Kibarabaig kila mke ana nyumba yake, naye huja na ng'ombe aliopewa na jamaa zake alipoolewa. Ng'ombe hao hujulikana kuwa ni wa nyumba ile, na mume hana ruhusa ya kuwauza kama apendavyo bila ya mwenye nyumba kuridhia. Aidha wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao wenyewe, ambalo likiamua kwamba mwanamume amewavunjia heshima humtoza faini ya ng'ombe, naye hulipa. Desturi hiyo haikuwa usawa kamili, maana ng'ombe wale mwishowe hurithiwa na wana wa kiume wa nyumba hiyo. Lakini haikumhesabu mke kuwa mstari mtupu chini ya jina la mumewe.

Viongozi wa taifa nao waliliona tatizo mapema. Mwalimu Nyerere, katika Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967, alikiri kwamba maisha ya jadi, pamoja na wema wake, yalikuwa na kasoro ya kumweka mwanamke mahali pa chini na kumtwika kazi zaidi ya fungu lake. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilimfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, mume kwa nafsi yake na mke kwa nafsi yake. Lakini viwanja na mashamba viligawiwa kwa kaya. Mtu mmoja alikuwa na kura yake mkutanoni na hana jina shambani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu chake cha 60 kinastahili kujulikana na kila katibu. Kinasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja wao huchukuliwa kuwa ni ya huyo peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Kwa maneno mengine, anayeandikwa peke yake huanza shauri akiwa mbele, na asiyeandikwa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Uzito wa mzigo huo ulionekana katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Bi Hawa aliachika, akaomba sehemu ya mali. Hakuwa na mshahara. Alikuwa amefanya kazi za nyumbani. Mahakama ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa kupatikana kwa mali ya ndoa, na uamuzi huo umewasaidia wanawake wengi tangu hapo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha naye akazitapanya. Kanuni ilishinda, mdai akarudi mikono mitupu.

Katika mirathi mambo ni mazito zaidi. Kanuni za sheria ya mila zilizoandikwa mwaka 1963 na kutumika katika wilaya nyingi zenye kufuata ukoo wa baba hazimpi mjane fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ana jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walizipinga kanuni hizo mbele ya Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikataa kuzifuta. Walikwenda hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Kwa mwanachama wa kawaida, mambo hayo yanaonyesha ni kwa nini kile kilichokuwa tayari kwa jina la mwanamke kabla ya msiba ni salama kuliko kile atakachodai baada ya msiba.

Si kila haki, lakini, inafaa kugawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Malisho ni mfano. Wabarabaig wa nyanda za Basotu walipoteza malisho yao kwa mashamba ya ngano ya Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa (NAFCO), yaliyoanza kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufikia ekari zipatazo 100,000. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo katika miaka ya 1980. Kwa upande mwingine, Wahadzabe wa Yaeda Chini wilayani Mbulu walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila kwa jamii nzima, na kama ardhi hiyo ingekatwa vipande vya mtu mmoja mmoja pasingebaki pori la kuwinda wala mizizi ya kuchimba. Kinachotumiwa kwa pamoja kinafaa kumilikiwa kwa pamoja, ilimradi kila mtu mzima ahesabiwe ndani ya pamoja hiyo. Fedha za mbaazi si malisho. Zinalipwa kwa mtu, na zinaliwa na mtu.

HESABU YA KAYA MOJA

Chukua kaya ya mfano, mume na mke, walioleta ghalani kilo 1,200 za mbaazi katika msimu mmoja. Zote zimeandikwa kwa mume. Mkutano mkuu umekubali kugawa ziada ya Sh. 50 kwa kilo; mume atapokea Sh. 60,000. Kama kila mmoja angeandikwa kilo 600 kwa kadiri ya shamba alilolihudumia, kila mmoja angepokea Sh. 30,000. Jumla ya kaya haikubadilika hata senti, na wengi huishia hapo na kusema kwamba basi hakuna tofauti.

Tofauti huanza mwaka unaofuata. Ikiwa chama cha akiba na mikopo kinakopesha mara tatu ya akiba, mke aliyeweka Sh. 30,000 zake anaweza kukopa Sh. 90,000 za mbegu. Asiye na akiba hakopeshwi, hata kama ndiye aliyelima. Ruzuku ya mbolea nayo, tangu utaratibu wa msimu wa 2022/2023, ilimtaka mkulima asajiliwe kwa jina ndipo aipate, na aliyezoea kuuza kwa jina la mwingine hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kuonyesha kwamba ni mkulima. Katika mkutano mkuu kaya hiyo ina kura moja badala ya mbili, na mama hawezi kugombea ujumbe wa Bodi ya chama kinachouza mazao aliyoyapalilia kwa mikono yake. Anapotaka kuchangia kwa hiari mfuko wa hifadhi ya jamii ili awe na pensheni uzeeni, hana fedha inayojulikana kuwa yake.

Halafu kuna siku ya maafa. Usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha, na matope na mawe yakaporomoka kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Daftari linalomjua mkuu wa kaya peke yake, likimpoteza huyo kwa saa moja, halimjui tena mtu yeyote wa nyumba hiyo.

HOJA ZA WANAOSITA

Hoja ya gharama ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa. Kuandika watu wawili ni viingilio viwili na hisa mbili, na kaya nyingi hupata shida kulipa hata kimoja. Mkutano mkuu unaweza kuruhusu hisa ya pili ilipwe kwa awamu, kwa kukata kidogo kidogo kwenye mauzo, mradi masharti ya chama yanaruhusu au yarekebishwe kwa njia halali. Masharti mengine humtaka mwanachama awe na shamba lake. Hapo chama kinaweza kukubali hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina mawili, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaiwezesha, au uthibitisho wa serikali ya kijiji kwamba mama huyo analima eneo fulani.

Wengine huogopa kwamba mwenye wake watatu atakuwa na kura nne. Hofu hiyo inawahesabu wale wake kuwa mikono ya mume. Ikiwa kweli watapiga kura kwa amri yake, kosa haliko katika kuandikwa kwao. Na mkutano unaotumia kura ya siri umekwisha kupunguza nusu ya tatizo.

Hoja nzito zaidi ni ile ya amani ya nyumba. Husemwa kwamba mume na mke wakiwa na stakabadhi mbili watagombana. Magomvi ya fedha, kwa kweli, hayakusubiri stakabadhi ya pili ndipo yaanze. Lakini ni kweli pia kwamba katibu hawezi kuingia nyumbani kwa watu na kugawa magunia yao. Anachoweza ni kuuliza swali lililo sawa kwa kila aletaye mzigo, na kuandika anachojibiwa na wote wawili.

Hatari ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Jina la mke linaweza kuandikwa kwa karatasi tu, ili kaya ipate mgawo wa pili wa mbolea, ilhali saini, kadi na namba ya siri vinabaki mfukoni mwa mume. Hapo daftari litaonyesha wanachama wanawake wengi na taarifa ya mwaka itasomeka vizuri mbele ya Mrajis, huku hali ikiwa ile ile ya mwanzo. Ndilo fundisho la zile wiki nne za Norwei: haki ya mtu huwa haki pale ambapo hakuna mwingine anayeweza kuitumia kwa niaba yake bila ya yeye kutaka.

KABLA YA MSIMU KUANZA

Makatibu wanaotaka kurekebisha daftari wafanye hivyo kabla ya mizani kufunguliwa, si katikati ya ununuzi, kwani jina likibadilishwa wakati fedha iko njiani huzua malalamiko ambayo ni vigumu kuyatatua. Mkutano wa wanachama uelezwe kwanza, akina baba wakiwapo, ili pasiwe na anayesema kwamba mkewe alishawishiwa kwa siri. Mama anayeandikishwa afike mwenyewe, atie saini au dole gumba lake mwenyewe, na apewe kitabu chake mkononi.

Fomu ya mteule, yaani mtu atakayepokea hisa na akiba mwanachama akifariki, isomwe upya kwa kila mwanachama. Wengi huijaza siku ya kujiunga wakiwa vijana bado hawajaoa, wakaandika jina la baba au kaka, na hawaigusi tena. Mwanachama aulizwe faraghani kama jina lile bado ndilo alitakalo, na akibadilisha, mabadiliko yashuhudiwe na kuingizwa kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Mahali ambapo mazao yanauzwa kwa stakabadhi ghalani na malipo yanakwenda benki au kwenye simu, karani ahakikishe kwamba akaunti au namba iliyoandikwa imesajiliwa kwa jina la mwenye mazao. Namba ya mume ikionekana mbele ya majina mawili, malipo ya jina la pili yasimamishwe mpaka mwenyewe afike ofisini na kitambulisho chake.